Mimba ya utotoni na mimba isiyotarajiwa: zinatofautiana wapi, zinadhuru vipi

Mimba ya utotoni hupimwa kwa umri: mama ana miaka 10 hadi 19. Mimba isiyotarajiwa hupimwa kwa nia: mwanamke hakuitaka, au aliitaka baadaye. Binti wa miaka 16 aliyeozwa anaweza kuwa na mimba aliyoisubiri kwa hamu huku nyonga yake haijakomaa. Mama wa watoto wanne aliyechelewa kurudia sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango, umri wake hauna shida, ila mimba hakuipanga.

Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshapata ujauzito. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 27. Walio chini ya miaka 15 hawamo katika hesabu hiyo, nao ndio wenye hatari kubwa zaidi.

Kwa binti mdogo, shida kubwa ni kifafa cha mimba, maambukizi baada ya kujifungua, mtoto njiti (kabla ya wiki 37) au mwenye uzito chini ya kilo 2.5. Kisha kuna uchungu pingamizi. Kichwa cha mtoto kikikwama kwenye nyonga nyembamba, hukandamiza nyama iliyo kati ya kibofu na uke dhidi ya mfupa. Damu haipiti, nyama inakufa, na siku chache baadaye inadondoka na kuacha tundu. Hiyo ndiyo fistula: mkojo unavuja mchana na usiku. Upasuaji wa kujifungua ukifanyika mapema, tundu hilo halitokei. Kwa hiyo umbali wa hospitali una uzito sawa na umri.

Mimba isiyotarajiwa hudhuru kwa njia nyingine: kuchelewa. Mfereji unaojenga ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati wengi ndiyo kwanza wanashtuka hedhi imepita. Foliki asidi (aina ya vitamini), mikrogramu 400 kwa siku, hukinga mgongo wazi, yaani mfereji huo kutofunga, ikianza kabla ya mimba. Ikianza mwezi wa tano, kinga hiyo imeshapitwa. Shirika la Afya Duniani linashauri hudhurio la kwanza kliniki kabla ya wiki 12. Anayeficha tumbo hufika mwezi wa sita, presha yake ya mwanzo haijulikani, na damu imeshapungua. Wengine hujaribu kuitoa kwa siri na kufika hospitali wakivuja damu au wakiwa na homa. Hao wahudumiwe haraka, maswali yasubiri.

Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba (levonogestreli miligramu 1.5) humezwa ndani ya saa 120 baada ya tendo, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Akitapika ndani ya saa 2, arudie. Huchelewesha yai kutoka. Hakitoi mimba iliyokwisha kutunga, ingawa mtaani wengi huamini kinaitoa.