Kitambaa kirefu cha katikati ya meza: anza na futi, rangi baadaye

Wateja wengi wanaokuja kwangu hapa Dodoma wameshachagua rangi. Ukiwauliza meza ina urefu gani, jibu ni "ya watu sita." Hilo halitoshi. Meza ya watu sita inaweza kuwa na sentimita 150 na inaweza kufika 180, maana kila seremala ana vipimo vyake. Chukua futi ya fundi, pima ubao wa juu, ndipo uende dukani.

Upana hauna kazi kubwa: theluthi ya meza. Meza ya sentimita 90 inapendeza na kitambaa cha 30 hadi 35, sahani zikabaki juu ya mbao. Urefu ndio unaotaka akili. Mimi hushusha sentimita 20 kila upande. Meza ya chakula kwa kawaida ina kimo cha 75 hivi na kiti 45, kwa hiyo katikati inabaki nafasi ya 30 tu, na humo ndimo yanamopita mapaja ya anayekaa kichwani mwa meza. Ukishusha kitambaa 30, baba atakula kikiwa kimemlalia mapajani, na siku akiinuka kwa haraka ataondoka na bakuli la mchuzi. Kama kichwani hakai mtu, basi shusha upendavyo.

Meza ya 180, kwa hiyo, inataka kitambaa cha 220 kikiwa kimeshakamilika. Kipande kimoja cha khanga kina kama 150, utalazimika kuunga. Ndiyo maana napendelea kitenge cha pamba: pale Majengo omba wakukatie yadi tatu, ambazo ni kama sentimita 274. Usione ni nyingi. Pamba ikifuliwa hurudi, na pindo za ncha nazo zinakula. Kiloweke, kianike, kipige pasi, halafu ndiyo ukate. Na kwa kuwa kitenge kina upana wa kama 115, ukikigawa mara tatu kwa urefu unapata vitambaa vitatu vya 35 baada ya kupinda. Kimoja mezani, kimoja kwenye maji, kimoja kabatini.

Kabla ya kulipa, kitandaze na usimame pembeni yake. Kitenge chenye ndege au vyungu kinaweza kuwa na picha zinazotazama upande mmoja, na wageni wa upande wa pili watakula wakiziona kichwa chini. Maua yaliyotawanyika au mistari haina shida hiyo.

Sasa upepo wetu. Kuanzia Juni hadi Agosti, dirisha likiwa wazi, kitambaa chepesi kinapeperuka na vumbi linatua juu yake kutwa nzima. Ninatia bitana na kuacha pindo nene la sentimita nne kwenye ncha ili liwe na uzito. Matamvua siyapendi kabisa; yanashika vumbi na kufumuka yakifuliwa mara kwa mara. Satini nayo huteleza, hasa kwenye kioo. Ukiwa na meza ya kioo, kishonee kitambaa kipande cha mpira mwembamba chini.

Kwa meza ya mninga, achana na kahawia na udongo, havitaonekana. Kijani kibichi au bluu iliyokolea vinaupendeza sana ule wekundu wa mbao. Na juisi ya zabibu ikimwagika, ikaushe kwa kitambaa safi bila kusugua, suuza kwa maji baridi papo hapo, na pasi isiguse mpaka doa limetoka lote.