Bach Collegium Japan: yanayodhaniwa na ukweli wenyewe

Watu wengi wakisikia kwamba mojawapo ya rekodi zinazoheshimika mno za kantata (tungo za waimbaji na ala, nyingi zikiwa za ibada) za mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach ni kazi ya kundi la Japani, jibu la haraka huwa ni kwamba Wajapani ni hodari wa kuiga. Kwa maoni yangu hakuna dhana inayolidhulumu kundi hili kuliko hiyo. Bach Collegium Japan, yenye kwaya na okestra yake, ilianzishwa mwaka 1990 na Masaaki Suzuki, aliyezaliwa Kobe mwaka 1954 katika familia ya Wakristo wapenda muziki, na ambaye akiwa na miaka 12 tayari alikuwa akipiga kinanda katika ibada za Jumapili. Baada ya masomo ya Tokyo alikwenda Amsterdam, akajifunza hapsikodi, ala ya zamani ya vibonye inayofanana na piano, kwa Ton Koopman na kinanda kwa Piet Kee. Alichorudi nacho nyumbani kilikuwa nidhamu ya kazi: kutumia ala za namna ile ile aliyoijua Bach, kuzishusha sauti takriban nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya vibonye viwili vya kinanda) chini ya kipimo cha leo, na kuliacha neno la Kijerumani liamue pumzi ya mwimbaji.

Wengine husema kwamba muziki wa ibada ya Kilutheri hauwezi kueleweka katika nchi ambayo Wakristo hawazidi sana asilimia 1 ya watu wote. Idadi hiyo ni sahihi, lakini hitimisho si sahihi. Mwaka 1591, vijana wanne wa Kijapani waliokuwa wamerejea kutoka Ulaya walimpigia mtawala Toyotomi Hideyoshi ala za Kizungu mjini Kyoto, karibu karne nzima kabla Bach hajazaliwa mwaka 1685. Muziki wa kanisa, basi, ulifika Japani mapema. Kilichoukatiza ni marufuku ya Ukristo iliyotangazwa nchini kote mwaka 1614, na mabango ya kuitangaza hayakuondolewa hadi 1873. Tangu hapo muziki wa Ulaya uliingia pia katika shule za serikali, hivyo Mjapani asiyekwenda kanisani hukua akiusikia. Katika maonyesho ya kundi hili wasikilizaji hufuata maneno kwa tafsiri ya Kijapani, na mateso ya Kristo kama yalivyotungwa na Bach huimbwa kwao katika majira ya Pasaka bila wao kudaiwa imani kwanza.

Dhana ya tatu inahusu ukubwa. Anayesikia utukufu wa kwaya hii katika rekodi hufikiria waimbaji mia moja ndani ya ukumbi mkubwa, ilhali kwa kawaida kila sauti huwa na waimbaji watatu au wanne tu, na wale wanaoimba peke yao hurudi kuimba pamoja na wenzao katika kwaya. Kantata zilirekodiwa katika kanisa la chuo kikuu cha wanawake cha Kobe Shoin. Kazi hiyo ilianza mwaka 1995, mwaka ambao tetemeko la Januari 17 liliuharibu mji huo na kuua zaidi ya watu 6,000. Santuri ya kwanza ina kantata nambari 4, ambayo Bach aliijenga juu ya wimbo wa Martin Luther kuhusu Kristo aliyelala katika vifungo vya kifo. Wimbo mmoja hupita beti saba, na katika kila ubeti sauti na ala hupangwa upya. Kwa kwaya ndogo kila uzi wa mpango huo unasikika waziwazi.

Wapo pia wanaodhani kwamba nambari za kantata zinaonyesha mpangilio wa miaka, na hivyo wanashangaa kwa nini kundi halikuanza na nambari 1. Nambari hizo ni za orodha iliyochapishwa na Wolfgang Schmieder mwaka 1950, na kantata nambari 1 ni ya mwaka 1725, wakati nambari 4 ni ya ujana wa Bach. Suzuki alifuata kwa jumla mwendo wa maisha ya mtunzi.

Si kweli kwamba wanachama wote ni Wajapani: Peter Kooij wa Uholanzi, mwimbaji wa besi (sauti nzito ya kiume), na Gerd Türk wa Ujerumani, mwimbaji wa tenori (sauti ya juu ya kiume), wameimba sehemu kubwa ya mkusanyo huu. Wala kundi haliimbi Bach peke yake, kwa kuwa limerekodi pia kazi za watunzi Monteverdi, Handel, Mozart na Beethoven.

Mwisho, kuna wanaosema kwamba safari ilikamilika mwaka 2013, kantata za kanisa zilipotimia santuri 55. Lakini rekodi za kantata zisizo za ibada ziliendelea hadi 2018, mwaka ambao Masato Suzuki, mwana wa mwanzilishi, alifanywa kondakta mkuu akifanya kazi pamoja na baba yake. Mwaka uliofuata Masaaki alirekodi upya Mateso kwa mujibu wa Mathayo, utunzi wa Bach, miaka 20 baada ya rekodi yake ya kwanza ya kazi hiyo.