Eneo bunge la jimbo ni nini? Mfano wa Cabramatta, Sydney

Mpiga kura anayeishi Cabramatta, kitongoji kilichoko kilomita 30 hivi kusini magharibi mwa katikati ya Sydney, ana viti viwili vya bunge la chini vinavyomhusu. Kimoja kiko Canberra, kwenye bunge la shirikisho la Australia, nacho kinaitwa Fowler. Kingine kiko Sydney kwenyewe, katika bunge la jimbo la New South Wales, na kinaitwa Cabramatta. Hicho cha pili ndicho eneo bunge la jimbo, yaani eneo linalomchagua mbunge mmoja wa bunge la jimbo.

Mkenya aliyezoea kupigia kura MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti) na mbunge wa bunge la kitaifa kule Nairobi kwa siku moja ataelewa upesi. Tofauti kubwa ni uzito. Majimbo ya Australia ndiyo yanayoendesha polisi, hospitali, shule za umma na treni za mjini. Kwa hiyo mambo mengi yanayomgusa mwananchi akitoka tu mlangoni yako mikononi mwa bunge la jimbo.

Maeneo bunge hayo hupimwa kwa idadi ya wapiga kura, wala si kwa ukubwa wa ardhi. Bunge la chini la New South Wales lina viti 93. Uchaguzi wa Machi 2023 ulikuwa na wapiga kura walioandikishwa wapatao milioni 5.5, wagawe kwa 93, unapata karibu 59,000 kwa kila kiti. Ndiyo maana kiti cha kitongoji chenye watu wengi ni kidogo sana kwenye ramani, na cha nyika ya magharibi ni kikubwa kupindukia. Watu wakihama na nyumba mpya zikijengwa, hesabu huvurugika, na mipaka huchorwa upya. Cabramatta kama kiti huchukua pia vitongoji jirani kama Canley Vale, na unaweza kulala usiku ukiwa ndani yake na kuamka upo kiti kingine bila kuhama nyumba.

Hata karatasi ya kura hutofautiana. Kwenye kura ya jimbo inatosha kuandika 1 mbele ya mgombea unayemtaka, na ukipenda uendelee 2, 3. Kwenye kura ya bunge la chini la shirikisho lazima ujaze namba mbele ya kila jina, la sivyo kura yako inaharibika. Kura zote mbili ni za lazima kisheria. Asiyepiga bila sababu hutozwa faini.

Kiti cha Cabramatta kilianza na uchaguzi wa 1981, na tangu hapo hakijawahi kutoka mikononi mwa chama cha Labor. Mbunge wa kwanza alikuwa Eric Bedford, aliyekuwa akiwakilisha Fairfield kabla ya hapo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 wakimbizi kutoka Vietnam, Kambodia na Laos walikuwa wakimiminika eneo hilo, wengi wao wakipitia hosteli za wahamiaji zilizokuwa karibu. Sura ya mtaa ikabadilika: vibao vya maduka vikawa vya Kivietnam na Kichina.

Mwaka 1986 uchaguzi mdogo ulimleta John Newman, diwani wa Fairfield aliyejitokeza hadharani kupinga magenge ya dawa za kulevya. Tarehe 5 Septemba 1994 alipigwa risasi nje ya nyumba yake akafa. Mara nyingi tukio hilo hutajwa kuwa mauaji ya kwanza ya kisiasa ya Australia. Mwaka 2001 Phuong Ngo, aliyewahi kuwa diwani wa Fairfield, alitiwa hatiani na kufungwa maisha.

Aliyerithi kiti, Reba Meagher, aliingia bungeni heroini ikiwa inauzwa waziwazi mitaani. Hapa ndipo maana ya kiti cha jimbo inapoonekana vizuri kuliko maelezo yoyote. Polisi ni wa jimbo, hivyo kilio cha wenye maduka na wazazi kilipaswa kufika Sydney, si Canberra. Kamati ya baraza la juu la jimbo ilichunguza utendaji wa polisi Cabramatta, na ripoti yake ya 2001 iliulaumu uongozi wa polisi. Naamini bila raia wale kung'ang'ana, habari ile ingezimwa kimya kimya.

Meagher alikuja kuwa waziri wa afya wa jimbo, akaondoka 2008. Uchaguzi mdogo wa mwaka huo ulishindwa na Nick Lalich wa Labor, lakini mpinzani wake wa chama cha Liberal, Dai Le, mwanamke aliyefika Australia akiwa mkimbizi kutoka Vietnam, alipunguza sana pengo la kura. Alijaribu tena 2011, kisha 2019 kama mgombea binafsi, akashindwa. Mwaka 2022 akagombea Fowler, kiti cha shirikisho, akamshinda Kristina Keneally aliyewahi kuwa kiongozi wa serikali ya New South Wales. Mwaka uliofuata Labor ilikibakiza kiti cha jimbo kupitia Tri Vo, naye akiwa mwenye asili ya Vietnam.