"Hakuna mtu aliye kisiwa" si shairi

Maneno hayo ya John Donne, mshairi Mwingereza, husambazwa yakiwa yamekatwa mistari mifupi na kuitwa shairi. Si shairi. Ni nathari, kutoka sehemu ya 17 ya Devotions upon Emergent Occasions, kitabu cha ibada alichokichapisha mwaka 1624.

Donne alizaliwa London mwaka 1572 katika familia ya Kikatoliki, akapewa upadri wa Kianglikana mwaka 1615, na kuanzia 1621 alikuwa mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Mwishoni mwa 1623 homa kali ilimlaza karibu na kifo, na kitabu kinaufuata ugonjwa huo hatua kwa hatua. Kina sehemu 23, kila moja ikiwa na tafakari, kisha kujadiliana na Mungu, kisha sala.

Anayesoma mistari ile peke yake hukosa jambo kubwa: kengele inayotajwa mwishoni mwake, ile inayokulilia wewe, ni ya kweli. Katika sehemu ya 16 mgonjwa anasikia kengele za kanisa la jirani. Katika ya 17 inagongwa polepole kwa mtu anayekata roho, naye anaona inamwita yeye pia. Katika ya 18 imebadilika: yule mtu amefariki. Kisiwa kinatajwa kitandani, na mtu asiyejua kama ataamka kesho.

Mashairi yake halisi yalizunguka zaidi kwa nakala za mkono. Mkusanyo wake ulichapishwa 1633, miaka miwili baada ya kifo chake.