Homa ilianza lini?

Kazi yangu ni kusoma taarifa za maudhi yanayojitokeza baada ya chanjo. Zinazonikalisha mezani muda mrefu kuliko zote ni za mishipa ya damu kuvimba, hasa ugonjwa wa Kawasaki, uliopewa jina la daktari wa Japani, Tomisaku Kawasaki, aliyeueleza mwaka 1967. Mtoto huchemka homa siku tano au zaidi, macho huwa mekundu bila tongotongo, midomo hupasuka, viganja huvimba; baadaye ngozi ya ncha za vidole hubambuka. La kutisha zaidi halionekani kwa macho: mishipa inayolisha moyo inaweza kutanuka.

Mwaka 2006 Marekani iliidhinisha RotaTeq, chanjo ya matone ya kuzuia kuhara kwa virusi vya rota. Katika jaribio lake la watoto wapatao 70,000, watano waliopewa chanjo waliugua Kawasaki, na mmoja tu kati ya waliopewa matone yasiyo na chanjo. Watano kwa mmoja! Mzazi akishtuka simlaumu. Lakini kwa idadi ndogo hivyo, bahati tu yaweza kuleta tofauti hiyo. Tena ugonjwa huu hupata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano, umri uleule wa kliniki, na wapo ambao wangeugua hata bila tone moja.

Mwaka 2007 taarifa hizo ziliwekwa wazi kwenye maelezo ya chanjo, na madaktari wakaombwa kuripoti kila mgonjwa. Ufuatiliaji wa dozi zaidi ya 200,000 haukuonyesha ongezeko. Jibu hilo lilipatikana kwa sababu tarehe zilikuwepo.

Ndiyo maana huumia nikipokea fomu iliyoandikwa “homa na vipele baada ya chanjo”, basi. Tarehe ya homa kuanza hakuna. Namba ya toleo, yaani ya kundi la chupa zilizotengenezwa pamoja, nayo hakuna, kwa hiyo siwezi kuangalia waliochanjwa kwa toleo hilohilo. Fomu moja ya namna hiyo ilinifanya nimpigie nesi, naye akamtafuta mama. Mama alikumbuka vizuri: homa ilianza usiku wa kuamkia siku ya kliniki. Matone yalimkuta mtoto ameshaanza kuugua.

Mzazi, siku homa inapoanza, iandike palepale kwenye kadi. Ikifika siku ya tano, usisubiri tena: dawa ya imunoglobulini, yaani kingamwili zinazotiwa mshipani, hulinda moyo zaidi ikitolewa ndani ya siku kumi za mwanzo.