Maisha ya mtendaji yamo ndani ya jalada lake

Kwa mkazi wa kijiji cha wilaya ya Sikonge au Uyui, mkoani Tabora, serikali inayofikika kwa miguu ni mtendaji wa kijiji. Unataka barua ya utambulisho, unakwenda kwake. Ng'ombe wameingia kwenye shamba la tumbaku, kwake tena. Yeye ndiye mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji na katibu wa vikao vya halmashauri ya kijiji, kwa hiyo mihtasari, stakabadhi za ushuru na barua zote hupita mikononi mwake. Ajabu ni kwamba sisi wa masjala, ofisi ya kutunza majalada ya watumishi, tukifungua jalada la mtu huyuhuyu anapokaribia kustaafu, mara nyingi tunakuta jembamba, folio (namba za hati zilizomo) zimeruka, barua muhimu hazimo.

Anayeanza kazi siku hizi huingia kama Mtendaji wa Kijiji Daraja la III, akiwa na kidato cha nne au cha sita pamoja na astashahada ya fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii. Wapo wanaoipata Chuo cha Serikali za Mitaa, Hombolo. Anapita miezi 12 ya majaribio, anathibitishwa, anapanda madaraja, na akijaliwa anakuwa mtendaji wa kata, katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kila hatua ina barua yake. Inayosahaulika kuliko zote ni ile ya kuthibitishwa kazini, maana mshahara ukishaanza kuingia, nani anakumbuka kuifuatilia?

Uzito wa karatasi moja ulionekana wazi kwa watumishi wa darasa la saba. Waraka ulioanza kutumika tarehe 20 Mei 2004 uliweka kidato cha nne kuwa sharti la kuajiriwa serikalini. Uhakiki wa vyeti ulipofanyika mwaka 2017, watumishi wenye elimu ya msingi waliondolewa kazini, watendaji wa vijiji wakiwamo. Mwaka 2018 serikali ikaelekeza kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe ile warudishwe. Hapo kilichotakiwa hakikuwa ushahidi wa mwenyekiti wala sifa za uchapakazi. Ilikuwa tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya ajira ya kwanza, na kama barua ilishaliwa na mchwa, mtu alikuwa na kazi ya kuzunguka ofisi kuitafuta nakala.

Hapa Tabora kuna pia hili la kugawanywa kwa wilaya. Kaliua ilizaliwa kutoka Urambo mwaka 2012. Mtendaji aliyeajiriwa Urambo kabla ya hapo anaweza kustaafu akiwa Kaliua bila kuhama hata nyumba, huku kurasa za mwanzo za utumishi wake zikiwa masjala ya wilaya mama. Aliye katika hali hiyo aende kwa afisa utumishi, aombe jalada lake likaguliwe folio kwa folio. Asingoje miaka 55, umri wa kustaafu kwa hiari, sembuse 60 ya lazima.

Akague pia michango. Aliyekuwa LAPF, mfuko wa pensheni wa serikali za mitaa, sasa yuko PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma uliounganisha mifuko minne mwaka 2018, na pensheni ya kila mwezi inadai michango isiyopungua miezi 180. Makato yakionekana kwenye hati ya mshahara, bado ni vizuri kuomba taarifa ya mfuko wenyewe na kulinganisha mwezi kwa mwezi.

Kisha majina. Cheti cha shule kinasema Shabani, kitambulisho cha taifa Shaban, barua ya ajira ina jina la babu ambalo kwingine halipo. Herufi moja tu inatosha kusimamisha malipo hadi hati ya kiapo ipatikane. Kwa mtendaji aliyeko mbali na mjini, hiyo ni nauli na siku za kazi, na ni nafuu kuimaliza akiwa bado analipwa mshahara.