Je, wajua kwa nini bastola ndogo ya chuma huuma mkono kuliko kubwa yenye risasi kali zaidi?

Chukua bastola mbili, zote fremu zake, yaani mwili wa chini wenye mpini, ni za chuma. Moja ni Walther PPK ya Kijerumani, urefu wake sentimita 15 na nusu, uzito gramu 600 hivi, na inapiga risasi ya milimita 9 fupi, ile ambayo Wamarekani huiita .380. Nyingine ni CZ 75 Compact ya Kicheki, gramu 920, na inapiga risasi ya 9x19 (milimita 9, yenye ganda la milimita 19), ambayo nguvu yake inakaribia mara mbili ya ile fupi. Mtu ambaye hajawahi kupiga hata moja atakuambia kwamba CZ ndiyo itakayomtikisa. Aliyepiga risasi hamsini kwa kila bastola atakuambia ni PPK, na pengine atakuonyesha alama nyekundu kati ya kidole gumba na kidole cha shahada.

Wengi hudhani jibu ni uzito: nyepesi huruka, nzito hutulia. Uzito umo, lakini hautoshi, na hesabu ndogo inatuonyesha. Risasi fupi ya milimita 9 ina gramu 6.2 na hutoka kwa mwendo wa karibu mita 290 kwa sekunde. Ya 9x19 ina gramu 7.5 na hutoka kwa karibu mita 350. Zidisha uzito wa risasi kwa mwendo wake, kisha gawa kwa uzito wa bastola, utapata mwendo ambao bastola yenyewe ingerudi nao nyuma kama hakuna mkono ulioishika. Tukiiacha gesi ya baruti pembeni, PPK inarudi kwa takriban mita 3 kwa sekunde na CZ kwa mita 2.9. Ni kama sare. Tukipima nishati badala ya mwendo, PPK ndiyo inayotoka mpole: karibu jouli 2.7 dhidi ya 3.7 za CZ. Kwa hiyo karatasi inasema kinyume cha kile mkono unachosema, na mkono hausemi uongo.

Siri iko katika namna slaidi inavyorudi nyuma.

Ndani ya PPK, mtutu umekazwa kwenye fremu na hausogei kabisa. Slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kutupa ganda na kupakia risasi nyingine, haijafungwa na kitu chochote. Kinachoizuia ni uzito wake wenyewe, pamoja na springi iliyouzunguka mtutu. Risasi inapoanza kwenda mbele, ganda tayari linaisukuma slaidi nyuma. Mfumo huu ni rahisi kutengeneza na una vipande vichache, na kwa risasi ndogo ya milimita 7.65, ambayo PPK ilitoka nayo mwanzoni mwa miaka ya 1930 kutoka kiwanda cha Walther huko Zella-Mehlis, unafanya kazi vizuri sana. Ukipandisha nguvu ya risasi bila kuongeza ukubwa wa slaidi, unalazimika kuweka springi ngumu, na bado slaidi itarudi kwa kasi na kugonga fremu kwa ghafla. Ule mgongano ndio unaofika kwenye kiganja.

CZ inafanya vingine. Risasi inapopigwa, mtutu na slaidi vimefungamana, vinarudi nyuma pamoja kwa milimita chache tu. Halafu sehemu ya nyuma ya mtutu inashuka, inaiachia slaidi, na wakati huo risasi imeshatoka na shinikizo la gesi limeshapungua. Slaidi inaendelea na safari yake peke yake, ikiwa na mwendo uliotulia. Ni njia iliyotokana na kazi ya Mmarekani John Browning, na leo bastola nyingi za 9x19 zimejengwa juu ya wazo hilo. Jumla ya msukumo unaofika mkononi haipungui hata kidogo, ila unagawanywa katika muda mrefu zaidi. Anayedaka nazi kwa mikono inayoshuka nayo hupokea uzito uleule na yule anayeidaka kwa mikono iliyokakamaa, lakini wa pili ndiye anayeumia.

Umbo nalo linachangia. Mpini wa PPK ni mwembamba upande wa nyuma, kwa hiyo nguvu inatua kwenye eneo dogo la ngozi. Wenye mikono minene hukuta slaidi ikipita karibu mno na nyama ya juu ya kiganja, na wakati mwingine ikiichana. Smith & Wesson walipoanza kuitengeneza Marekani mwaka 2002 walirefusha ule mkia wa chuma ulio juu ya mpini ili kuzuia jambo hilo. CZ kwa upande wake ina slaidi inayotembea ndani ya reli za fremu, hivyo mtutu unakaa chini karibu na mkono, na mdomo wa bastola haupandi sana. Kasoro yake ni kwamba slaidi inayobaki nje kwa ajili ya kushikwa ni fupi kwa kimo, na mwenye vidole vyenye jasho atailalamikia.

Basi chuma kina faida gani? Kubwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Walther walitoa PPK-L, yenye fremu ya aloi ya alumini badala ya chuma. Waliitengeneza kwa risasi ya 7.65 na ile ndogo ya .22 tu. Ya milimita 9 fupi hawakuitia, kwa sababu kwa wepesi ule msukumo ungezidi kiasi. Huo ni ushahidi wa waundaji wenyewe, na mimi nauamini kuliko maneno ya matangazo: katika mfumo usiofungamana, gramu mia moja za chuma zinaweza kuamua kama bastola inapigika au haipigiki.

Gramu hizo ziliwahi kuamua hata mambo ya forodha. Marekani ilipopitisha sheria ya silaha ya mwaka 1968, bastola za kutoka nje zilianza kupewa pointi kabla ya kuruhusiwa kuingia: vipimo vya mwili, uzito, ukubwa wa risasi, vifaa vya usalama. Shabaha ilikuwa kuzuia bastola ndogo za bei ya chini. PPK, ambayo haikuwa ya bei ya chini hata kidogo, ilianguka mtihani kwa tofauti ndogo. Walther wakachukua fremu ya kaka yake mkubwa, PP ya mwaka 1929, wakaiweka slaidi na mtutu wa PPK juu yake. Ikazaliwa PPK/S, nzito kwa gramu 50 hivi, ndefu kidogo mpini, yenye nafasi ya risasi moja zaidi. Sheria ilitosheka. Wapigaji nao walipata bastola inayoshikika vizuri zaidi, jambo ambalo halikuwa lengo la mtu yeyote.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi. Dukani na kwenye viwanja vya shabaha bado kuna watu wanaomshauri mgeni, hasa mwanamke, aanze na bastola ndogo ya aina hii kwa kuwa inaonekana rahisi mkononi. Ni ushauri mbaya. Springi ngumu inamaanisha slaidi ngumu kuvuta. Risasi ya kwanza, nyundo (kile kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi ilipuke) ikiwa imelala, inataka kidole kivute kwa nguvu ya karibu kilo 6, yaani mara kumi ya uzito wa bastola yenyewe. Risasi ya pili, nyundo ikiwa imeshainuliwa na slaidi, inataka chini ya kilo 3. Mgeni anakabidhiwa mivuto miwili tofauti kabisa ndani ya sekunde moja, kwenye chombo kinachomuuma. Anajifunza kufumba macho kabla ya mlio, na tabia hiyo ikishaingia huchukua muda mrefu kuondoka.

Vilengeo vinazidisha ugumu. Kwenye PPK, umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ni karibu sentimita 11. Kosa la milimita moja katika kuvilinganisha linakuwa kosa la sentimita 9 kwenye shabaha iliyo mita 10. Inasikitisha, kwa sababu mtutu uliokazwa kwenye fremu unarudi mahali palepale kila mara, na bastola yenyewe ikiwekwa juu ya mfuko wa mchanga hupiga kwa usahihi unaowashangaza wengi. Usahihi huo umefichwa nyuma ya kifyatulio kizito na vilengeo vidogo. Mpigaji mwenye uzoefu ndiye anayeweza kuufikia.

Kwa hiyo anayeipima bastola ya namna hii hapaswi kuridhika na matundu mazuri kwenye karatasi. Apige risasi ya kwanza ya mvuto mzito, aishushe nyundo, apige tena ya kwanza, na kundi hilo alitazame peke yake, kwa kuwa hiyo ndiyo risasi inayosema ukweli kuhusu yeye na bastola. Apige kwa mkono mmoja pia. Apime mita 7 kabla ya 15. Aangalie kidole kidogo: kikining'inia hewani chini ya mpini, magazini (kile kisanduku cha risasi) yenye kitako kirefu huleta tofauti anayoihisi papo hapo. Na abadilishe aina za risasi, zenye ncha ya mviringo na zenye ncha ya shimo, maana mfumo unaotegemea uzito wa slaidi na springi pekee hauvumilii kila risasi.

Kukwama si jambo la nadharia. Tarehe 20 Machi 1974, kwenye barabara ya The Mall mjini London, mtu mwenye silaha alilizuia gari la Binti Mfalme Anne akitaka kumteka. Mlinzi wake, Inspekta James Beaton, alipiga risasi moja kwa Walther PPK yake, ikakosa, na bastola ikakwama. Alijeruhiwa kwa risasi akimkinga binti huyo, akapona, na baadaye akatunukiwa nishani ya George Cross. PPK ikaondolewa mikononi mwa walinzi wale. Tukio moja halitoshi kuhukumu muundo mzima, lakini linatosha kumfanya mtu apige mamia ya risasi za aina anayokusudia kubeba kabla hajaiamini.

Kuna ukaguzi mwingine wa kufanywa bila risasi hata moja ndani ya bastola. PPK ina kifungio cha usalama kinachoishusha nyundo bila kupiga. Mwaka 2009 Smith & Wesson waliziita kiwandani PPK na PPK/S walizozitengeneza tangu 2002, kwa sababu kwenye baadhi yake kuishusha nyundo kungeweza kufyatua risasi. Anayenunua ya mkono wa pili kutoka miaka ile aulize kama ilirudishwa na kurekebishwa. Hata ikiwa ilirekebishwa, mdomo wa bastola uelekezwe mahali salama kila mara kifungio kinaposhushwa.

Springi nayo huchoka, na katika mfumo huu ndiyo nusu ya breki. Slaidi ikianza kugonga fremu kwa sauti kavu, au maganda yakiruka mbali kuliko zamani, springi ibadilishwe kabla fremu haijaanza kuumia. Na mahali penye joto na upepo wa bahari, chuma cha kawaida kinachobebwa kikigusana na mwili huanza kushika kutu mapema, kwanza chini ya vibao vya mpini ambako jicho halifiki. Vibao hivyo vifunguliwe, pafutwe, papakwe mafuta kidogo.